Manusura wa Ubakaji wa Vitani Amekuja Kwako: Ufanye Nini ili Kesi Yake Isiharibike

Maswali ni yaleyale kila mara. "Kuna mama amenieleza walichomfanyia askari, nimwandikie maelezo?" "Hana cheti cha daktari, je, kesi ipo?" "Yalitokea miaka mingi iliyopita, si yameshakwisha?" Wanaouliza ni wauguzi, walimu, viongozi wa dini, waandishi wa habari, viongozi wa vikundi vya wanawake. Hawakusomea upelelezi na hawakuiomba kazi hii. Manusura aliwaendea wao kwa sababu aliwaamini.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo wa kwanza. Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kazi yako si kumhoji. Maelezo kamili yatachukuliwa na wakili au mpelelezi aliyefunzwa, ikiwezekana mara moja tu. Yako wewe ni kumfikisha kwenye huduma, kuhifadhi kile ambacho kisipohifadhiwa leo kitapotea, na kutoharibu kilichobaki. Nimeona majalada yakianguka kwa sababu mtu mwema, mwenye huruma ya kweli, aliandika kurasa kumi na mbili ambazo hakupaswa kuziandika.

Sheria unayohitaji kuijua, basi

Ubakaji vitani ulikatazwa waziwazi na Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949. Hata hivyo ilichukua karibu nusu karne kabla mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa ubakaji kama sehemu ya mauaji ya kimbari. Ilikuwa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa tarafa ya Taba nchini Rwanda. Hati ya kwanza ya mashtaka dhidi yake haikuwa na ubakaji hata kidogo. Habari hizo zilitoka mdomoni mwa mashahidi wakiwa tayari mbele ya majaji, ambao mmoja wao, Navanethem Pillay, alikuwa mwanamke pekee kati ya watatu. Hati ikarekebishwa mwaka 1997 kesi ikiwa inaendelea.

Leo kitendo kilekile kinaweza kushtakiwa kwa njia tatu. Ni uhalifu wa kivita kikiwa na uhusiano na mapigano. Ni uhalifu dhidi ya ubinadamu kikiwa sehemu ya mashambulizi makubwa au ya kupangwa dhidi ya raia. Ni mauaji ya kimbari kikifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Hapo utaona kwamba kinachokitofautisha kitendo hiki na ubakaji wa kawaida si undani wa kilichotendeka mwilini. Ni mazingira: nani alikuwapo, alivaa nini, alitumwa na nani, na vijiji vingine vilipatwa na nini. Kumbuka hili ukifika hatua ya tano.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

Orodha ya huduma iliyothibitishwa. Kituo cha afya chenye dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, mshauri nasaha, mahali salama pa kulala, wakili au msaidizi wa kisheria. Piga simu mwenyewe uhakikishe zinafanya kazi. Orodha iliyobandikwa ukutani tangu mwaka juzi haifai. Kama huna hata huduma moja ya kumpeleka, usiulize chochote kuhusu tukio. Tafuta huduma kwanza.

Mahali ambapo hamtasikika, na ambapo mtu akionekana akiingia hakuna atakayejua alifuata nini. Zahanati ni bora kuliko ofisi yenye bango la haki za binadamu.

Daftari jipya la kurasa zilizoshonwa, kalamu ya wino, na bahasha au mifuko ya karatasi.

Simu au kompyuta yenye nenosiri ambayo haishikwi na mtu mwingine nyumbani.

Mkalimani, ikiwa lugha zenu hazikutani. Asiwe ndugu yake, asiwe jirani, asiwe mtoto wake. Mwulize manusura kama anataka mwanamke au mwanamume. Usidhani unajua jibu.

Mtu wako wa kumwendea jioni, atakayekusikiliza wewe bila kuhitaji kujua jina la yeyote.

Hatua

1. Mwili kwanza, sheria baadaye.

Kama tukio halijafikisha saa 72, kila kitu kingine kisubiri. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya muda huo, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5. Kuna pia tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda. Muda ukiwa umepita bado aende, kwa sababu majeraha na maambukizi havijui kalenda.

Akiwa bado na nguo alizovaa siku ile na anaridhia kuzitoa, kila moja iingie kwenye mfuko wake wa karatasi. Usitumie plastiki: unyevu hukaa ndani na kuoza kile ambacho maabara ingekitafuta. Nguo isifuliwe, isikunjwe pamoja na nyingine.

Onyo: usimzuie kwenda hospitali eti asubiri fomu ya polisi. Matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Mwombe mhudumu wa afya aandike alichokiona kwenye faili siku hiyohiyo, hata kama fomu itafuata baadaye.

2. Uliza kama ameshahojiwa.

Swali ni moja: "Kuna mtu mwingine ameshakuandika maelezo?" Akisema ndiyo, andika ni nani, lini na wapi, kisha usiulize tena habari za tukio. Katika vita vinavyofuatiliwa sana na dunia, manusura mmoja huweza kuhojiwa na waandishi, mashirika, polisi na watafiti ndani ya mwezi mmoja. Kila aliyemhoji aliuliza kwa namna yake na kila mkalimani akachagua maneno yake. Siku ya kesi, wakili wa utetezi ataziweka karatasi zote mezani na kusoma tofauti moja baada ya nyingine. Shahidi hakudanganya hata mara moja, lakini ataonekana mwongo.

3. Omba ridhaa tatu, si moja.

Watu wengi huchukua sahihi au alama ya dole gumba kwenye fomu moja na kuona wamemaliza. Anayekubali kutibiwa hajakubali kesi. Anayekubali kesi hajakubali jina lake kutajwa. Uliza moja moja, na kila jibu uliandike na tarehe yake:

"Ninaweza kuandika machache kuhusu yaliyokupata?"
"Yale niliyoandika, ninaweza kumpa nani? Daktari? Wakili? Mahakama? Kila mmoja nakuuliza peke yake."
"Jina lako liende pamoja nayo, au lisiende?"

Mwambie kwamba anaweza kubadilisha mawazo, na umwambie pia ukweli mgumu: karatasi ikishaingia kwenye jalada la mahakama, kuitoa ni vigumu sana. Mshtakiwa ana haki ya kujua ushahidi dhidi yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kumhakikishia usiri wa milele. Usitoe ahadi ya ulinzi, ya kushinda wala ya fidia. Ukiona anajibu "sawa" kwa kila kitu bila kukutazama, simama, mpe maji, uulize siku nyingine.

4. Andika maelezo ya kwanza tu.

Maelezo ya kwanza ni nusu ukurasa: tarehe na mahali mlipokutana, nani alikuwapo, lugha mliyotumia, tukio lilitokea lini na wapi, na sentensi alizozisema mwenyewe bila kuvutwa. Akitaka kuendelea kusema, msikilize. Kumsikiliza si kumhoji. Ila usirudi nyuma kudai undani, na usimwulize kwa nini hakupiga kelele, alikuwa amevaa nini, au kwa nini alichelewa kusema.

Hayo maswali hayana kazi hata kisheria. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia ya zamani, kwenye rufaa ya kesi ya Kunarac mwaka 2002 iliyohusu wanawake waliofungiwa Foča, Bosnia, ilikataa hoja kwamba mwathirika lazima aonyeshe alipambana. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague zinasema kunyamaza au kutopigana si ridhaa, kwamba majaji hawatadai ushahidi wa pili ili kuthibitisha ukatili wa kingono, na kwamba maisha ya kimapenzi ya manusura hayaletwi mahakamani.

Sasa nikae kidogo kwenye lugha, maana hapa ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili tunapoharibu majalada bila kujua.

Manusura hatasema "nilibakwa". Atasema "waliniharibu", "walinifanyia kitu kibaya", "alinichukua", "walinitenda walivyotaka". Andika neno lake kama lilivyo, ndani ya alama za kunukuu. Usilibadilishe kuwa "alibakwa". Labda alivuliwa nguo hadharani, labda alilazimishwa kumtazama mwingine, labda ni kitu tofauti kabisa, na kila kimoja kina jina lake kisheria. Mpelelezi atamwuliza maana yake kwa utaratibu. Ukilibadilisha neno leo, kesho ataulizwa kwa nini alisema kitu kingine.

Neno "askari" nalo linabeba watu wengi mno: mwanajeshi, polisi, mgambo, mlinzi wa kampuni, hata mwasi mwenye bunduki. Mbele ya mahakama tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Uliza mara moja tu, kwa upole: "Unaposema askari, ulijuaje kuwa ni askari?" Andika jibu lake, si tafsiri yako.

Saa ni mtego mwingine. "Saa mbili usiku" yetu ni 20:00. Mtafsiri asiye makini huandika 2:00, na manusura akaonekana amebakwa wakati kikosi kilikuwa kimeshaondoka kijijini. Andika alivyosema, kisha pembeni weka saa kwa tarakimu za saa 24. Vilevile "juzi", "mwaka juzi" na "wakati wa mavuno" viandikwe kama vilivyo, pamoja na tarehe ya siku mliyozungumza, ili mtu aweze kuhesabu kurudi nyuma.

Na "alinishika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kama ambavyo "ndugu yangu" haisemi kama ni kaka, binamu au mtu wa ukoo. Kwa Kiswahili sentensi imekamilika. Kwa Kiingereza au Kifaransa mtafsiri atalazimika kuchagua, naye atachagua kwa kubahatisha. Weka ufafanuzi kwenye mabano ikiwa manusura mwenyewe ameutoa.

Onyo: usirekodi video ya uso wake. Sijawahi kuona video ya simu iliyochukuliwa na mtu wa kwanza ikamsaidia manusura, na nimeona zikizunguka kijiji kizima.

5. Andika yaliyolizunguka tukio.

Hapa ndipo unaweza kusaidia kuliko mahali pengine popote, na uzuri wake ni kwamba kwa mengi ya haya si lazima umwulize manusura. Unaweza kuyapata kwa macho yako, au kwa watu wengine ambao hawatalazimika kuyafumbua madonda yao.

Mashtaka ya ubakaji wa vitani huanguka mara nyingi pale inapotakiwa kuonyesha ni nani anayewajibika, hata pale ambapo hakuna anayebisha kwamba ubakaji ulitokea. Baada ya yaliyotokea Minova, mashariki mwa Kongo, mwezi Novemba 2012, askari 39 walipelekwa mahakamani. Hukumu ilipotoka mwaka 2014, ni wawili tu waliopatikana na hatia ya ubakaji. Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa kiongozi wa kundi la wapiganaji la Kongo, alihukumiwa The Hague mwaka 2016 kwa makosa ya wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapewa miaka 18, kisha rufaa ikamwachia huru Juni 2018. Majaji wengi wa rufaa walijikita kwenye swali la kama kamanda aliyekuwa mbali alichukua hatua za lazima na za busara kuwazuia na kuwaadhibu watu wake, na kwenye mipaka ya mashtaka yenyewe.

Kwa hiyo andika:

Sare, rangi ya kofia, beji, viatu, aina ya magari, namba au maandishi yaliyopakwa juu yake.
Lugha waliyozungumza wao kwa wao, na majina au vyeo walivyoitana. "Walimwita afande fulani" ni sentensi yenye thamani kubwa.
Simu za upepo: nani alikuwa nayo, alimwambia nani nini.
Nani alishikilia eneo siku hiyo, vizuizi vya barabarani vilikuwa wapi, kambi ilikuwa wapi, waliingia lini na kuondoka lini.
Maneno waliyosema kuhusu kabila, dini au upande wa kisiasa wa watu.
Je, mtu yeyote alimlalamikia kamanda? Nani, siku gani, kwa mdomo au kwa barua, na kamanda alijibu nini? Nakala ya barua moja ya malalamiko iliyogongwa mhuri wa kupokelewa inaweza kumfunga kamanda ambaye hakuwapo.
Je, yaleyale yalitokea kijiji cha jirani wiki hiyo?

Usimwonyeshe manusura picha ya mtu unayemshuku ukamwuliza "ni huyu?" Utambulisho wa namna hiyo huharibika palepale na haurekebishiki.

6. Vitu na picha vibaki kama vilivyo.

Picha ya majengo, barua, kipande cha sare: kila kimoja kiwe na karatasi yake inayosema kilipatikana wapi, lini, na nani, na kila anayekipokea aandike jina, tarehe na sahihi. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wakili wa upande wa pili atauliza kilikuwa wapi siku zile tatu.

Picha ya asili isikatwe, isiangazwe, isiandikwe juu yake. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida kisha ukaifuta kwenye simu: programu huipunguza ubora na kuondoa taarifa za siku na mahali ilipopigwa. Nakili faili lenyewe kwenye flashi mbili, uziweke sehemu mbili tofauti.

7. Tenganisha jina na habari.

Mpe kila manusura namba. Isiwe herufi za kwanza za jina lake wala tarehe ya kuzaliwa, maana hizo hukisiwa. Daftari la habari liwe na namba tu. Karatasi inayounganisha namba na majina ikae kwingine, kwa mtu mwingine, ikiwezekana nje ya eneo la mapigano. Ficha pia kijiji, idadi ya watoto na kazi ya mume. Kwenye kijiji cha kaya hamsini mambo hayo matatu yanatosha kumtambua mtu.

8. Chagua mlango pamoja na wakili.

Mlango wa kwanza ni mahakama za nchi yenyewe. Mahakama ya The Hague huingia pale tu nchi isipotaka au isipoweza kushtaki kwa dhati. Nayo husikiliza makosa ya kuanzia 1 Julai 2002, yaliyofanyika kwenye nchi mwanachama au na raia wake, au yaliyopelekwa na Baraza la Usalama. Mtu yeyote anaweza kumpelekea mwendesha mashtaka wake taarifa, lakini hiyo si sawa na kufungua kesi, na mara nyingi majibu hukawia.

Milango mingine ipo. Baadhi ya nchi huziruhusu mahakama zao kuhukumu uhalifu mkubwa uliofanyika popote: Januari 2022 mahakama ya Koblenz, Ujerumani, ilimfunga maisha ofisa wa zamani wa usalama wa Syria kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ukatili wa kingono ukiwamo. Kuna pia mahakama maalumu, kama ile ya Dakar iliyomhukumu Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, kifungo cha maisha mwaka 2016.

Kesi hiyo ya Habré ina somo kwako. Rufaa ya Aprili 2017 ilibakiza kifungo cha maisha, ila ilimwondolea hatia ya ubakaji alioshutumiwa kuufanya kwa mikono yake, kwa sababu madai hayo yalijitokeza wakati kesi imeshaanza na hayakuwamo kwenye mashtaka. Usimshinikize manusura kuwahi. Lakini akishakubali habari zake zimfikie wakili, usizilalie.

Kuhusu miaka iliyopita: makosa yaliyo chini ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha mahakama ya The Hague, hayana ukomo wa muda. Wanawake wa Kimaya wa Sepur Zarco, Guatemala, walitendewa unyama na wanajeshi miaka ya 1980, wakasimama mbele ya mahakama ya nchi yao mwaka 2016 wakiwa wamefunika nyuso kwa mitandio, na wanaume wawili wakahukumiwa miaka 120 na 240. Tahadhari moja: sheria za ndani za baadhi ya nchi zina ukomo wa muda kwa ubakaji wa kawaida. Wakili aulizwe ni kosa lipi litashtakiwa, kwa sababu jibu la muda linategemea jina la kosa.

9. Baki ukipatikana.

Kesi hizi huchukua miaka. Kubalianeni njia salama ya kuwasiliana na neno la kujitambulisha, na umpigie hata kama huna jipya. Ukimya wa miezi minane humfanya mtu aamini amesahauliwa, au kwamba siri yake imevuja.

Pesa: nauli irudishwe kupitia wakili, kwa risiti, na si zaidi. Usimpe kitu chochote kwa ajili ya kusema. Fidia huja baada ya hukumu, kama majaji walivyoamuru mwaka 2021 kwa waathirika wa Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa waasi mashariki mwa Kongo, na hata hapo husubiriwa muda mrefu.

Mambo yakikwama

Maelezo yake ya leo hayafanani na ya mwezi uliopita. Usiyalinganishe mbele yake na usiyasahihishe ya zamani. Andika mapya kwa tarehe mpya, hifadhi yote mawili. Kumbukumbu ya mtu aliyeumizwa haitoki kwa mpangilio, na wataalamu wanaweza kuwaeleza hilo majaji. Karatasi iliyofutwafutwa haielezeki.

Umeshamhoji kirefu kabla ya kusoma haya. Usichane kitu. Mkabidhi wakili kila ukurasa, umweleze uliuliza nini na nani alikuwapo. Kuficha ndiko kutakakoangusha kesi.

Hana cheti cha daktari. Kesi ipo. Cheti kinasaidia, lakini hakuna kanuni ya The Hague inayosema bila hicho hakuna ubakaji. Andika ni kwa nini hakwenda: barabara ilifungwa, zahanati ilichomwa, aliogopa. Sababu hizo nazo ni ushahidi wa hali ya vita.

Manusura ni mtoto. Usimwulize chochote kuhusu tukio. Mpeleke kwenye matibabu na kwa mtaalamu wa kuhoji watoto. Katika kesi ya Kavumu, Kivu Kusini, iliyohusu ubakaji wa mabinti wadogo, mahojiano ya watoto yaliyorekodiwa na wataalamu yalitumika mahakamani ili wasilazimike kusimama wenyewe. Desemba 2017 watu 11 walifungwa maisha, akiwamo mbunge wa jimbo, Frederic Batumike.

Mtuhumiwa ni mkubwa. Mbunge huyo alikuwa mkubwa pia. Cheo si kinga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ila kwa mtuhumiwa wa aina hii usipeleke chochote kituo cha polisi cha jirani kabla wakili hajapima hatari.

Manusura ni mwanamume, au alikuwa mpiganaji. Hatua ni zilezile. Ntaganda alitiwa hatiani pia kwa ubakaji wa watoto waliokuwa ndani ya kundi lake mwenyewe. Wanaume mara nyingi husema "walinitesa" na kuishia hapo. Neno hilo liandike na umwache.

Anamwita mtekaji "mume wangu". Usimkosoe, na usiandike kwamba alikuwa ameolewa. Andika alichukuliwaje na kama angeweza kuondoka. Mwaka 2021 Dominic Ongwen wa kundi la Lord's Resistance Army la Uganda alitiwa hatiani kwa ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa, pamoja na makosa mengine mengi, akapewa miaka 25.

Familia inataka yamalizwe kwa wazee. Zungumza na manusura peke yake, bila mjomba wala mume chumbani. Kama anataka usuluhishi ni uamuzi wake, lakini ajue kwamba mapatano ya familia hayamzuii mwendesha mashtaka kushtaki uhalifu wa kivita. Ukiona anaozeshwa kwa aliyembaka, hilo ni suala la usalama: rudi hatua ya kwanza.

Wenye silaha wanadai daftari lako. Wape. Ndiyo maana lina namba tu na majina yako kwingine. Kisha mjulishe wakili, na manusura wote, siku hiyohiyo.

Wewe mwenyewe hulali. Pumzika wiki nzima na umwendee yule mtu wako. Kazi hii ifanyeni wawili au zaidi kwa zamu.

Anakataa kesi. Mshukuru kwa kukuamini. Mwulize kama nusu ukurasa ule uhifadhiwe au uchanwe, na ufanye atakavyosema mbele ya macho yake. Mwachie namba ya kituo cha afya na ya wakili kwenye karatasi isiyo na kichwa cha habari, na umwambie ni siku zipi unapatikana.